Daftari la Korosho

Siku ya 1: Mtwara mjini hadi Naliendele

Tumetoka Chikongola kabla ya jogoo wa pili, mimi na mpwa wangu, baiskeli mbili na chumvi kilo 90 ya kubadilishana na makopa ya muhogo kule Newala. Kwangu 50, kwake 40. Kijana amenuna, anataka 50 kama mtu mzima. Ana miaka 14. Nimemwambia tukifika Tandahimba ataniomba nimpunguzie, na hapo ndipo tutazungumza habari za utu uzima.

Tairi hazina tyubu. Tyubu za mwisho pale mjini zilikatwa kuwa manati na washa za pampu mwaka wa kwanza. Tumejaza makumbi ya nazi, tukayashindilia kwa mpini wa jembe, tukafunga waya kila baada ya shubiri. Baiskeli inakwenda ikidunda kama inacheza sindimba, lakini inakwenda.

Siku hizi karatasi ni adimu kuliko chumvi. Ninaandika nyuma ya daftari la chama cha msingi cha kijijini kwa bibi yangu, kule juu Newala. Karani wao alikuja mjini msimu ule wa mwisho kufuatilia malipo ya korosho za wakulima, akapanga chumba kwangu. Kila jioni alirudi na jibu lile lile: pesa inaingia wiki ijayo. Wiki ijayo ukaingia Kimya. Masika yaliyofuata kuhara kukamwondoa, akaniachia begi, peni tatu na daftari hili. Mbele kuna majina 61, kilo, daraja, na safu ya "Imelipwa" iliyo wazi juu hadi chini. Nyuma hakukuwa na kitu, nimejitwalia.

Kimya ndivyo tunavyouita. Siku moja simu hazikushika. Siku ya tatu benki hazikufunguliwa. Mwezi wa pili hakuna meli bandarini, hakuna lori la mafuta, na waliotoka Dar es Salaam kwa miguu walikuwa hawapendi kuulizwa. Mtwara ilichelewa kuzimika. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, haikuhitaji lori wala meli kufika mitamboni, kwa hiyo tulikaa na taa miezi saba wakati nchi nzima iko gizani. Najua kwa sababu nilikuwa fundi pale. Mashine zilikufa moja moja kwa kukosa vichujio, oili na plagi, siyo kwa kukosa gesi. Ya mwisho niliizima mwenyewe, Ijumaa jioni. Gesi bado ipo huko chini, imetulia. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani wakipiga kelele "gesi haitoki", bomba likajengwa hata hivyo, likakamilika 2015. Jirani yangu kila akinipita ananiambia, "Fundi, sasa kweli haitoki." Mwanzoni nilicheka.

Naliendele tumefika jua la saa nane. Hapa ndipo palipokuwa na utafiti wa korosho, na wachache waliokuwa wakifanya kazi hapo hawakuondoka. Wanalinda mikorosho mama kama watu wanavyolinda makaburi. Tumekula ming'oko ya kuchemsha na pilipili, chumvi yetu juu. Nimelala vizuri.

Siku ya 2: Naliendele hadi Nanguruwe

Tumechelewa kuondoka kwa sababu ya mama mmoja wa bustani ya miche. Aliposikia tunakwenda Newala alituuliza kama bibi ana mikorosho. Ana mikorosho, nikasema, lakini miaka mitatu haizai. Akatikisa kichwa hata sijamaliza.

"Ubwiriunga," akasema.

Ndio huo. Ule ukungu mweupe unaokaa kwenye maua wakati wa baridi ya asubuhi, Juni hadi Septemba, ua linakuwa kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha linakauka jeusi na kudondoka. Zamani tulipuliza salfa kwa mashine za mgongoni, na tulilalamikia bei ya salfa kila msimu kana kwamba hakuna balaa kubwa zaidi duniani. Salfa haitengenezwi Mtwara. Iliisha mwaka wa kwanza.

Akatupeleka kwenye mti mmoja. Umesimama katikati ya mingine iliyonyauka, una mabibo mekundu, na chini yake korosho. "Huu unaugua lakini haulali kitandani," akasema. Matawi ya pembeni yalikuwa yamekatwa majani wiki moja kabla, vikonyo vimebaki uchi, ncha zimevimba tayari kuchipua. Akakata 24 vya kupandikiza kwenye mikorosho ya bibi, kila kimoja urefu wa kiganja, akavifunga kwa kipande cha kanga kilicholowa, juu yake gome la mgomba. Kwa malipo alitaka vibaba vitatu vya chumvi na jambo moja: tukipita tena, tumwambie vingapi vilishika.

"Siku nne ni salama," akasema. "Ya tano ni bahati. Kitambaa kisikauke. Usiviweke juani, usivifungie mahali pa joto, na wewe kijana ndiye utakayevibeba, huyu mjomba wako ana haraka."

Simjui hata jina, na ameshanijua.

Kwa hiyo sasa tuna kitu kinachokunywa maji kuliko sisi, na tunapanda kwenye mwinuko usio na maji.

Siku ya 3: Nanguruwe hadi karibu na Mnivata

Kizuizi. Pale pale walipokuwa wakikaa watu wa ushuru wa mazao kuna gogo limelazwa, na vijana sita wenye mapanga na filimbi. Nilidhani ndio mwisho wa chumvi. Mkubwa wao akaja, akatusalimia kwa adabu, akauliza mzigo gani, kilo ngapi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Kisha akasema ushuru ni vibaba viwili kwa baiskeli.

"Ushuru wa nani?" nikauliza.

Akaniangalia kama nimeuliza jua ni la nani. "Wa hapa."

Nikatoa. Akaingia kwenye kibanda akarudi na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: *chumvi, imelipiwa*. Serikali imeondoka, ushuru umebaki, na risiti wanatoa! Ila lazima niseme ukweli: kutoka hapo mpaka tulipolala hakuna aliyetugusa, na mara mbili nilionyesha lile boksi nikapitishwa.

Lami ya kilomita 50 kutoka mjini inaishia Mnivata. Hatukufika. Jioni mzee mmoja alitusimamisha njiani akatukataza kuendelea. Ana shamba la muhogo na dungu la miti, kama urefu wa watu wawili kutoka chini. Akasema tupandishe baiskeli pia. Nikafikiri ni utani. Akatupa kamba.

Usiku nguruwe pori wamekuja. Unasikia kwanza mihogo ikivunjika, kama mtu anakunja vidole, kisha mikoromo yao. Mzee akapiga debe, wakakimbia, wakarudi. Anasema hawamwogopeshi wao, anachoogopa ni anayewafuata. Wakulima wa Lindi na huku kwetu wamelijua hilo miaka mingi: nguruwe wanakufanya ulale shambani, na simba anawafuata nguruwe, akikukosa nguruwe anakupata wewe. Mpwa akauliza, "Babu, simba wapo?" Mzee akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mwenye pori hatajwi usiku."

Karibu na alfajiri nguruwe wakanyamaza wote mara moja. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Debe halikuwa limepigwa. Kwa muda kama wa kusoma Fatiha mara tatu hapakuwa na hata mdudu. Halafu chini yetu, chini kabisa, kitu kikavuta pumzi ndefu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Nikaisikia harufu, kama ya ngozi mbichi iliyolowa. Mpwa alikuwa amekumbatia gome la mgomba lenye vikonyo, siyo mimi. Kisha nguruwe mmoja akapiga ukelele upande wa bondeni, mara moja tu, na dunia ikaendelea.

Asubuhi nyayo zilikuwa zimezunguka nguzo za dungu mara mbili. Mzee alizifagia kwa tawi akaenda kung'oa muhogo.

Siku ya 4: hadi ng'ambo ya Nanyamba

Siku ya kusukuma tu. Mwinuko huu haupandi kwa kishindo, unapanda kimyakimya, mpaka unajiuliza kwa nini magoti yanauma kwenye tambarare. Kipande kilichokuwa kikijengwa kinakwenda kwa mafungu: hapa kifusi, hapa mtaro, hapa greda limesimama na mwarobaini umeota kwenye kiti cha dereva.

Nanyamba watu wamelewa uraka tangu saa nne asubuhi. Ni Oktoba, mabibo yanaanza, na ambako mkorosho mmoja umezaa, kijiji kizima kinaukamua. Siwalaumu. Tulipewa bakuli, nikanywa nusu.

Hapa nimegombana na mpwa. Kitambaa kilikuwa kinakauka, maji yetu yamebaki lita mbili, naye akaona akili: akakamulia bibo juu ya vikonyo. Nilimfokea mbele ya walevi. Sukari ile inaleta ukungu, tunabeba dawa ya ukungu halafu tunaipaka ukungu! Akavisuuza vyote kwa maji yake ya kunywa, kimoja kimoja, bila kunijibu, akavifunga upya. Mchana kutwa hakunywa. Nilipompa kibuyu changu akasema hana kiu.

Mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Siku ya 5: Tandahimba, na mbele kidogo

Kibaba kimoja cha chumvi kwa lita tano za maji. Ndiyo bei ya Tandahimba mwezi huu, na mama aliyetuuzia alitupimia kwa haki, mpaka mdomoni. Maji ya kisima cha mvua, ameyafungia kwa kufuli. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akaponda mbegu za mlonge, akakoroga taratibu, akatuambia tukae. Tope likashuka lenyewe, juu pakabaki maji unayoweza kuona kidole chako. Tulichemsha hata hivyo. Aliyemzika karani kwa kuhara hana ubishi na kuni.

Mjini tuliwacheka watu wa mwinuko kwa shida ya maji, ndio utani wetu. Huku juu ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, maji yako chini mno kwa kamba na ndoo. Tangu enzi za Mwingereza walisukumiwa maji kwa mashine kutoka chanzo cha Mitema, kule Kitangari. Umeme ulipokatika, mabomba yakawa ya kukalia kuku. Bibi yake bibi yangu alipanda huku kukimbia Wangoni na wakamata watumwa. Hawakupenda kuishi mbali na maji. Walipenda kuishi mahali ambapo mwindaji wa watu naye atapata kiu.

Yule mama akaitazama chumvi yetu, akaila chembe, akauliza yale madoa meusi ni nini. Mwani, nikasema, nimeukausha na kuusaga humo humo. Chumvi ya dukani iliwekwa madini joto, hii ya kwetu ya ghubani haina, na nimeshaona wawili mjini shingo zimeanza kuvimba rovu. Akaongeza maji lita moja bure.

Usiku mpwa amefungua kitambaa. Kwa ukucha amekwangua gome la kikonyo kimoja, kidogo kama alama ya kiberiti. Chini yake kijani. Cha pili, kahawia. Amekifunga tena bila kuendelea.

Siku ya 6: Newala

Kilo 40 zimemshinda saa tatu asubuhi. Hakuomba. Nilimwona tu baiskeli inamvuta upande, nikasimama kana kwamba nafunga waya wa tairi, nikahamishia kwangu kiasi cha kilo kumi. Hatukuzungumza habari za utu uzima.

Tulipita Newala mjini bila kusimama, ila pale Shimo la Mungu nilimpeleka ukingoni aone. Ardhi inakatika kama imekatwa kwa panga. Chini, mbali, bonde limejaa moshi wa mashamba yaliyochomwa, Ruvuma ni uzi, na ng'ambo yake Msumbiji. Hakuna moshi wa gari popote. Akauliza wale wanaotembea chini kama siafu ni nani. Wanawake, nikamwambia, wanapanda na maji. Akawahesabu mpaka wakapotea nyuma ya mwamba.

Kwa bibi tumefika magharibi.

"Hodi, bibi."

"Karibu. Nani?"

"Mimi mjukuu wako, wa mjini. Shikamoo."

"Marahaba." Akakaa kimya kidogo ndani ya giza la kibaraza. "Umekuja na nani anayehema hivyo?"

"Shikamoo bibi," mpwa akasema.

"Marahaba, mume wangu. Mpe maji huyo kwanza, habari baadaye."

Siku ya 7: Kijijini

Bibi alishaikata mikorosho yake mitatu mikongwe hadi kimo cha kiuno, tangu mwaka jana, na visiki vimetoa machipukizi mazuri, unene wa penseli. Alikuwa anangoja nini sijui. Anasema alikuwa anangoja mtu.

Vikonyo 24 vikapangwa juu ya ungo. Ukucha kwa ukucha. Kumi na kimoja kijani.

Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda akamwelekeza mpwa. Wembe umechomwa moto. Chipukizi likakatwa kichwa, likapasuliwa katikati. Kikonyo kikachongwa pande mbili kama kabari, "mara moja, usirudierudie, siyo kiazi hicho", kikazamishwa kwenye mpasuko mpaka ngozi ya huku ikagusana na ngozi ya kule, angalau upande mmoja. Kisha kufunga. Na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu ya kufungia ni nailoni, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na watu wa huku walitii. Tulizunguka nyumba sita. Bibi mmoja akatoa rambo la bluu lililokunjwa chini ya godoro, alilihifadhi kama hati ya shamba. Vya kufunikia juu tulipata vile vifuko vyembamba vya barafu za watoto, kumi na viwili, duka lililokufa.

Mpwa amefunga vyote kumi na kimoja mwenyewe. Cha sita kilivunjika. Hakuna aliyesema kitu.

Wiki tatu kujua.

Siku ya 8: Bado kijijini

Kosa langu. Niliandika haya ya jana nikiwa nimekaa nje, na mtu akalitambua jalada.

Walianza kuja wawili wawili. Saa nne walikuwa kama arobaini. Hawakupiga kelele. Mzee wa mbele akauliza kama hilo ndilo daftari alilokwenda nalo karani mjini. Ndilo. Karani yuko wapi? Nikawaambia. Wakamwombea. Kisha mzee akasema, "Basi soma."

Nikasema mimi fundi umeme, sikuwa hata mwanachama, nina chumvi ya kubadilishana na makopa, nirudi nyumbani. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha mzee akasema tena, "Soma, mwanangu."

Nikageuza daftari upande wa mbele, ambao kwa siku nane sikuusoma. Nikasoma majina 61. Kumi na tisa hawakuitikia, wengine wakaitikiwa na watoto wao. Mama mmoja akasimama akasema kilo zake zilikuwa 310, siyo 290, mzani wa siku ile ulipunja, na aliokuwa nao wote walishuhudia. Wakashuhudia. Nikarekebisha. Sijui nilipata wapi mamlaka, lakini nilirekebisha, nikatia sahihi pembeni.

Jumla kilo 13,480. Kwenye magunia yetu, baada ya kila aliyetuonja njiani, kuna kama kilo 75 za chumvi. Tulikaa na mzee tukapiga hesabu kwa kokoto: kwa kila kilo 200 za korosho, kibaba kimoja. Mpwa akapima. Mimi nikaandika, safu ya "Imelipwa", kwa peni ya marehemu. Wengine waliweka dole gumba kwa masizi ya sufuria. Hakuna aliyeuliza kama bei ni ya haki. Aliyedai kilo 310 alipewa kibaba na nusu, akakitikisa, akataka kijazwe juu kama kichuguu. Kikajazwa.

Kufikia alasiri tuna chini ya kilo 20 na sijapata kopa hata moja la kubeba. Nadhani yataletwa. Hakuna aliyeahidi.

Mpwa ameomba aende bondeni kesho na wanawake, wanaondoka saa tisa usiku. Nimemwambia kazi ile si ya wanaume, wamenicheka mimi, siyo yeye.

Wa mwisho kwenye daftari ni bibi. Kilo 212, daraja la kwanza. Nikamjazia kibaba chake, nikashika peni.

"Changu usikiandike," akasema.

"Kwa nini, bibi? Chumvi hii hapa."

"Chumvi nitakula, niko nyumbani kwangu. Lakini humo acha wazi. Nadai."

"Unanidai mimi?"

"Wewe ndiye mwenye daftari." Akavuta kanga mabegani. "Nikikufutia, wiki ya tatu utakuja kuangalia miti ya nani?"

Nimeacha wazi.